Raketi Niliyomwambia Kaka

Mkono wa kulia wa kaka yangu niliuharibu mimi. Nalisema hili mwanzo kabisa, msije mkajichosha kutafuta wa kumlaumu. Kwetu Msambweni wapo waliosema ni kijicho cha watu, wapo waliosema ni baridi imeingia kwenye kiungo, na shangazi yetu aliapa kwamba huko Kwale kuna mtu amemfukia kitu. Nikawaacha waseme. Aliyefanya ni mimi, kwa raketi ya tenisi, na nilifanya huku nikijua ninalolifanya.

Baba yetu alikuwa mwamba vitanda. Vijana wa leo wanalala juu ya magodoro na kuwamba hawakujui, basi nieleze. Unachukua fremu ya mti yenye miguu minne, unachukua kamba iliyosokotwa kwa makumbi ya nazi, unaivuta kutoka upande hadi upande, kisha unarudi kuipitisha chini na juu, chini na juu, mpaka panakuwa na wavu mgumu wa kulalia. Huko ndiko kuwamba. Baba alikuwa na sheria moja tu katika kazi yake: kaza kupita kiasi. Kamba ya makumbi hulegea. Mtu na mkewe wakilala mwezi mmoja, kitanda huanza kushuka katikati, na kitanda kikishuka anayesemwa si aliyelala, ni aliyewamba. "Kaza leo, kesho italegea yenyewe," ndivyo alivyokuwa akituambia, mguu umekanyaga mti, meno yameuma ncha ya kamba. Akimaliza hudondosha ndimu juu ya kamba. Ndimu isiporuka ikafika gotini, anafungua yote anaanza upya, hata kama mwenye kitanda ameketi pale anasubiri.

Kazi hiyo niliijua kabla sijajua kusoma. Kaka yangu hakuijua. Alinizidi miaka sita, na tangu udogo wake vidole vyake vilikuwa vyembamba, kamba ikimchuna mara moja tu anatoka damu. Baba akasema, "Huyu mkono wake ni wa kalamu, mwacheni." Na kweli ukawa wa kalamu. Akaajiriwa karani katika afisi moja ya serikali kule mlimani Kwale. Mwandiko wake, wallahi, hata asiyejua kusoma alipenda kuutazama. Mashine ya kupiga chapa ilikuwa moja na ilikuwa na mwenyewe. Barua nyingine zote ziliandikwa kwa mkono, na bwana mkubwa wa afisi alitaka mkono wa kaka tu. Wakati ninaousimulia, mgongo wa baba ulikuwa umekwisha kwa kuinama, dada zetu wawili walikuwa shuleni, na mshahara wangu mimi ulikuwa wa kununulia sabuni. Chungu cha nyumbani kilikaa jikoni kwa sababu ya mkono ule wa kaka. Sote tulijua.

Tenisi aliipatia huko huko kazini. Bosi wake wa kwanza, Mwingereza, alikosa mtu wa kucheza naye jioni, akamfundisha karani wake. Kaka akaupenda mchezo ule hata tukamcheka. Mama alikuwa akimwambia, "Mwanangu, kukimbizana na mpira jua lote hili, na mwisho wake hata kitoweo huleti?" Kaka hucheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka.

Uhuru ulipokuja, Mwingereza akarudi kwao na raketi zake. Uwanja ukabaki. Mwaka uliofuata zikaja habari kwamba patafanywa mechi: makarani na walimu wa mlimani dhidi ya wazungu waliobaki Diani. Uwanja ule ule ambao jana tu mtu mweusi, ukimtoa kaka, aliingia na ufagio! Kaka akachaguliwa kucheza na mzungu mmoja mwenye shamba, jitu refu lenye mkono kama mpini wa shoka, ambaye nilimfahamu vizuri kwa kuwa alikuwa akija kucheza pale nilipofanya kazi.

Mimi nilikuwa katika hoteli moja ya Diani, mtunza stoo ya tenisi. Tenisi yenyewe sikuijua. Nilichukuliwa kwa sababu meneja alisikia kwamba najua kuvuta kamba, akanipa raketi iliyokatika, kamba mpya na msumari butu wa kubania, akasema jaribu. Nikaitazama ile fremu ya mbao na matundu yake, nikacheka. Hiki si kitanda tu, tena cha mtoto mchanga? Nikaiwamba siku hiyo hiyo, na kazi nikapata.

Basi Jumamosi moja mchana kaka akanijia hotelini, kupitia mlango wa nyuma.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mdogo wangu, leo nimekuja kwa fundi."

Fundi! Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nyumbani mimi nilikuwa yule wa kamba, aliyebaki na baba kwa kuwa shule ilimshinda. Kichwa kikanivimba pale pale.

Wazungu waliokuwa wakihama walikuwa wameacha raketi zao stooni, na meneja alikuwa ameniruhusu kuchukua moja niitakayo. Nikampangia kaka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, mpini wake mwembamba, ilikuwa ya mwanamke aliyezoea kucheza asubuhi. Ya pili ilikuwa ya kati, lakini fremu yake imeanza kupinda kwa unyevu, kwa hiyo tuiache. Ya tatu ilikuwa nzito, kichwa chake kizito zaidi, mpini mnene. Kaka akaishika ya kwanza, akaizungusha hewani, akaipeleka mbele na nyuma.

"Hii inanikaa," akasema.

"Aka! Kaka, hiyo ya bibi! Unakwenda kumpiga mzungu au kufukuza nzi?"

Akacheka, akaishika ya tatu. "Nzito hii. Na mpini umenizidi, tazama, vidole havikutani na gumba."

"Nzito ndiyo nguvu. Mpini utauzoea."

"Hebu niijaribu tena ile ya kwanza."

"Mchagua jembe si mkulima," nikamwambia. "Mwachie fundi achague."

Akaniachia. Alinitazama hivi, akatabasamu, akaiweka ile nyepesi mezani. Mpaka leo naiona ikilala pale.

Sasa nataka mjue kwamba nilikuwa nimefundishwa. Hotelini palikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mzee, mgeni wa miezi mingi, aliyekuwa mchezaji hodari ujanani mwake. Alikuwa na Kiswahili chake cha kuokoteza na aliketi karibu na stoo akinitazama nikivuta kamba. Aliniambia raketi ina mambo matatu: nguvu, kulenga, na raha ya mkono. Ukiongeza moja, nyingine inapungua, yote matatu hupati. Na akaniambia jambo ambalo lilinichekesha: kwamba kamba iliyolegea kidogo ndiyo inayourusha mpira mbali. Ukikaza sana unapata kulenga, lakini nguvu lazima uitoe begani mwako mwenyewe, na mtikisiko wote unarudi kwenye kiwiko. "Kwa mtu wa mkono mwembamba, legeza," akasema. "Legeza, na chukua nyepesi." Nikamwitikia ndiyo, memsahibu. Moyoni nikasema, huyu amewamba vitanda vingapi? Kulegea kuzae nguvu! Ndimu ya baba ilikwisha nifundisha mambo hayo zamani.

Ikabaki kuchagua kamba. Zilikuwepo za namna mbili. Moja laini, ya utumbo, ambayo bibi yule alisema haiumizi mkono. Nyingine ya nailoni, ngumu, haiogopi unyevu wa pwani. Kamba ile ya utumbo kwa Kizungu huitwa utumbo wa paka, na kaka Kizungu alikijua. Aliposoma karatasi yake akairudisha kama imemuunguza.

"Astaghafirullahi! Nisujudu kwa mkono huu, kisha nishike utumbo wa paka?"

Baadaye sana ndipo nilipoambiwa kwamba paka ni jina tu, utumbo wenyewe ni wa kondoo. Siku ile ningeweza kwenda kumwuliza bibi, alikuwa hatua ishirini kutoka pale. Sikuenda. Nailoni inavutika zaidi, na mimi nilitaka kuvuta.

Nikaiwamba raketi ile siku mbili. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka, nikakanyaga fremu kama baba anavyokanyaga mti, na nilipoigusa kamba kwa ukucha ikalia, ng'ii, sauti nyembamba kabisa. Nikadondosha ndimu. Ikaruka karibu kufika kifuani. Niseme kweli: wakati ule sikuwa nikimfikiria kaka. Nilikuwa nawaza mzungu yule mwenye shamba, ambaye mara mbili alikuwa amenirudishia raketi na kusema imelegea, mbele za watu, akaniita fundi wa vitanda. Nilitaka apigwe kwa kamba zangu, kisha aulize ziliwambwa na nani. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi niliivuta haswa.

Juma moja baadaye kaka akarudi nayo, anakanda mkono chini ya kiwiko.

"Mdogo wangu, raketi hii inanipiga. Nikiupiga mpira ni kama nimepiga ukuta kwa ubao. Na mpira wenyewe hauendi mbali mpaka nitumie bega lote. Nilegezee kidogo."

"Mkono unauma sana?"

"Unauma nikishika kalamu."

Nilisikia vizuri. Nikishika kalamu, alisema. Nikamwambia aniachie mpaka Jumatatu. Nikakata kamba zote nikaanza upya, na nia ilikuwa kulegeza, Mungu ni shahidi. Nikavuta kidogo, nikaigusa, ikatoa sauti nzito, bubu, kama kitanda cha mgonjwa. Nikaona haya. Nikaona watu wa mlimani wakiipokezana na kuuliza ni mwamba gani huyu. Nikaona uso wa baba. Nikaongeza kukaza mzunguko mmoja, nikaongeza wa pili, na nilipomaliza ilikuwa ngumu kuliko mwanzo.

Jumatatu akaja.

"Nimekulegezea," nikamwambia.

Akaipiga kwa kiganja. "Mbona bado naiona ngumu?"

"Ni mkono wako haujazoea. Na kamba italegea yenyewe, si wajua? Kaza leo, kesho inalegea."

Nailoni hailegei kama makumbi. Hilo nalo nilikuwa nimekwisha kuliona kazini, kwa macho yangu.

Kiswahili chetu kina neno moja la kunisuta. Kumwambia mtu jambo ni kumwambia, na kumwambia mtu kitanda, yaani kumvutia kamba zake, pia ni kumwambia. Watu waliponiuliza baadaye, raketi ile alimwambia nani, nikajibu kwamba niliyemwambia ni mimi. Wao walisikia ufundi. Mimi nilisikia uongo wangu.

Siku ya mechi, Jumamosi, tulipanda mlimani, mimi na wenzangu watatu wa hotelini. Watu walikuwa wamejaa pande zote za uwanja, walimu na suti zao, wanawake na leso zao, wengi hawajui hata mpira unahesabiwaje. Kaka alivaa kaptura nyeupe aliyoipiga pasi mwenyewe. Mwanzoni mzungu akamwendesha kama mbuzi. Kisha kaka akaanza kupiga kwa bega, kwa kiuno, kwa kila alichonacho, na kila alipopiga raketi ililia, ng'ii, nami nikaisikia kutoka nilipokaa nikajisifu. Kila akipiga alikuwa akikunja uso. Nilidhani ni hasira ya mchezo. La, nasema uongo tena. Nilijua si hasira.

Akashinda. Ee, akashinda! Walimu wakarusha kofia. Mzungu akamshika mkono wavuni, ule ule wa kulia, nikamwona kaka akiuvuta upesi. Kisha mzungu akaitwaa raketi, akaigusa kamba kwa kidole, akatikisa kichwa. "Nani amefanya hii?" Nikasimama. Akasema, "Hii ngumu sana. Mtu atavunja mkono." Wenzangu wakacheka, wakasema mshindwa hakosi sababu. Na mimi nikacheka.

Asubuhi yake kaka alikuwa nyumbani Msambweni. Mama alimtilia chai, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na kikombe kikamponyoka kikamwaga chai yote mkekani. Sote tukacheka, bingwa ameshindwa na kikombe. Akajaribu tena. Vidole vilifunga, lakini havikuwa na nguvu ya kukiinua. Hapo mama akaweka birika chini, na baba akaacha kutafuna.

Daktari aliyemtazama alisema kano za kiwiko zimechanika, apumzishe mkono miezi, asinyanyue kitu, asiandike. Asiandike! Kaka alirudi kazini Jumatatu hiyo hiyo akaandika. Jioni alikuwa akikandwa kwa mafuta ya simsim na maji ya moto, akiuma ncha ya shuka asilie, na asubuhi anapanda mlima tena. Nilimwona akifunga kiwiko kwa kitambaa cha mama. Mara ngapi nilifungua kinywa? Nilisema moyoni, nikimwambia leo atanichukia na mkono hautapona kwa hilo. Acha upone kwanza, nitamwambia. Lakini haukupona. Herufi zake zilianza kulala upande, kisha zikatetemeka, kisha neno moja likawa kubwa na la pili dogo. Bwana mkubwa akazirudisha barua mara moja, mara mbili, mara ya tatu akampa kazi zile karani mwingine. Afisini wakanong'ona kwamba amelewa sifa za tenisi, ati hataki kazi tena. Mwisho akatakiwa aeleze kwa maandishi mkono umepatwa na nini, na kama hawezi ukarani aombe kazi nyingine.

Jumapili, baada ya adhuhuri, akaniita chumbani kwake. Mezani palikuwa na karatasi, wino na kalamu yake.

"Kaa, mdogo wangu. Mimi nitasema, wewe utaandika. Usiharakishe, andika herufi kubwa kubwa zisomeke."

Mwandiko wangu ni wa kuku, kila mtu anajua. Nikashika kalamu. Akaanza kwa heshima na taadhima kama barua za serikali zinavyoanza. Akasema kwamba anaomba nafasi ya utarishi iliyo wazi. Utarishi! Kupeleka bahasha kwa baiskeli, yeye ambaye matarishi walisimama akipita. Nikaandika, jasho likaniangukia karatasini nikalifuta kwa mkono wa shati. Kisha akafunga macho kutafuta maneno.

"Andika hivi: Mkono huu niliuumiza mwenyewe kwa pupa ya mchezo. Ndugu yangu, ambaye ni fundi mwaminifu, alinilegezea raketi nilipomwomba, na akanionya nisipige kwa nguvu. Sikumsikia."

Kalamu ikasimama. "Kaka, mimi sikukuonya."

"Najua hukunionya. Wewe andika."

"Kwa nini mimi nitajwe?"

"Yule mzungu anazungumza. Anasema kote Diani kwamba raketi ndiyo iliyonivunja. Bwana mkubwa naye amelisikia. Likifika kwa meneja wako utafukuzwa, na nyumba hii sasa haina mwingine wa kumtegemea ila wewe." Akakanda kiwiko kwa mkono wa kushoto. "Ulinilegezea, hukunilegezea?"

Alikuwa amenikalia karibu, magoti yetu yanagusana. Aliuliza bila ukali wowote. Ningesema neno moja tu. Nasema neno moja, na huenda angenipiga, au angelia, au angenisamehe, sijui. Lakini lingekuwa limesemwa.

"Nilikulegezea," nikasema.

"Basi andika."

Nikaandika yote kama alivyosema, fundi mwaminifu, alinilegezea, akanionya. Akaniambia nimsomee asikie. Nikamsomea tangu juu mpaka chini, na nilipofika hapo sauti haikunitetemeka hata kidogo. Akaiweka sahihi kwa mkono wa kushoto, polepole, ulimi nje kama mtoto wa chuoni anayejifunza alifu. Kisha akanishika bega.

"Ahsante, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu akulipe kwa yote uliyonitendea."

Nikaitikia amin.